Bangili Isiyo na Mwenyewe

Theresia ndiye aliyepiga hodi. Alikuwa ametoka bombani pamoja na jirani yake Zuleha, kila mmoja na ndoo yake kichwani, na walipofika uani kwa Zuleha akasema "hodi wenyewe" kwa mzaha tu, maana alijua nyumba haina mtu.

"Karibuni," sauti ikajibu kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, ya taratibu, yenye lafudhi ya milimani. Theresia akatua ndoo yake. "Una mgeni na hukuniambia," akasema. "Ngoja nikamwamkie."

 Zuleha alikuwa anatazama kufuli. Lilikuwa linaning'inia mlangoni kama alivyoliacha, na ufunguo wake ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga aliyojitanda. Alifungua akaingia. Sebuleni hapakuwa na mtu, chumbani hapakuwa na mtu, chini ya kitanda palikuwa na viatu vya mumewe. Kilichokuwamo ni harufu tu, harufu nzito ya udi, kama chetezo kimetolewa dakika hiyo. Katika nyumba ile hakujawahi kuchomwa udi tangu wiki ya harusi.

"Labda ni redio ya watu," Theresia akasema akiwa bado nje. Kisha akajitwika ndoo yake na kwenda zake, wala hakuimalizia habari aliyokuwa ameianza njiani.

Nyumba hiyo iko Mikese, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, mahali ambapo malori yanaegesha na madereva wanashuka kunyoosha miguu. Zuleha alikuwa anawapikia madereva chai na chapati chini ya banda la mabati. Mumewe Halidi alikuwa fundi wa pancha, hatua chache kutoka hapo. Walikuwa wameoana miaka kadhaa na hawakuwa na mtoto. Mimba zilikuwa zinashika, kisha zinaharibika, na Zuleha alikuwa ameacha kuzizungumzia hata kwa mama yake.

Harufu ile haikuondoka. Ilikuwa inakuja jua linaposimama utosini, saa ambayo barabara yenyewe hupumua kidogo. Zuleha akiwa nje kwenye meko yake alisikia ndani mtu anaosha mchele. Mchele unazungushwa kwenye sufuria, maji yanamwagwa, mchele unazungushwa tena, na kila mzunguko kitu cha chuma kinagonga ukingo wa sufuria, taratibu, kama mwanamke ambaye hakuvua bangili yake kabla ya kuanza kazi. Akiingia, sufuria iko mahali pake, imefunikwa, kavu.

Hakukimbia, wala hakumwambia mtu. Lakini alianza kumtazama mumewe. Halidi alikuwa ameacha kula kwa mkono wa kulia. Jioni aliomba maji ya moto kwenye beseni, akauzamisha mkono ule mpaka maji yakapoa, akaomba mengine. Zuleha alipougusa, ulikuwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye friji.

Asubuhi moja alichota unga wa chapati kutoka kwenye ndoo, na vidole vyake vikakutana na kitu cha duara. Ilikuwa bangili pana ya fedha, nzito, yenye michoro iliyolika kwa kuvaliwa sana. Aliifuta kwa khanga, akaiweka mkekani mbele ya Halidi, pembeni ya kikombe chake cha chai.

"Hii ya nani?"

"Niliokota."

"Wapi?"

"Barabarani."

"Barabara haivai bangili, Halidi."

Halidi alikishika kikombe chake kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, na wakati wote alipokuwa akisema hakuinua macho.

Ilikuwa siku ile ya mvua, basi dogo lilipopinduka kwenye kona. Watu wote wa Mikese walikimbilia huko, na yeye pia alikimbia. Alikwenda kuokoa, na kweli alisaidia kuwatoa wawili wakiwa hai. Wa tatu alikuwa mama mmoja aliyekaa ameegemea kiti kama anasinzia.

"Alikuwa ameshakufa," Halidi akasema. "Wallahi alikuwa ameshakufa. Simu ilikuwa inaita mapajani mwake. Jina limeandikwa Faraja, binti yako. Inaita, inakatika, inaita tena. Nikaitazama. Ningeweza kuipokea nikasema neno. Badala yake nikavuta bangili."

"Na simu?"

"Sijui nani aliichukua. Kila mtu alichukua kitu. Theresia alichukua begi. Mwenyekiti Abdi alisomba magunia ya viungo kwa toroli, mchana, watu wanaona. Nikajiambia, nisipochukua mimi atachukua mwingine."

Zuleha aliinuka akaenda kukanda unga, maana madereva walikuwa wameshaanza kuita chai. Alikanda mpaka mabega yakamuuma.

Alasiri ya siku hiyo walimwita Mzee Hafidhi kutoka Mkuyuni, mwalimu wa madrasa ambaye watu wa pande zile humwita kusomea wagonjwa. Alipokea shikamoo zao, akanawa, akaketi sebuleni na bangili mbele yake, akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa nzuri na yenye uzoefu. Alikuwa amesoma kidogo tu wakati sauti nyingine ilipoanza kusoma naye kutoka chumbani, ya kike, ya taratibu, aya zile zile, lakini ikimtangulia kwa neno moja. Mzee Hafidhi akanyamaza. Ile sauti haikunyamaza. Iliendelea mpaka mwisho wa sura, bila kukosea hata irabu, ikasema amina, kisha nyumba ikajaa harufu ya udi.

Mzee alijifuta uso kwa kilemba chake.

"Hili si jini la kutumwa," akasema kwa sauti ya chini. "Ni la kurithiwa. Mwenye bangili alilipokea kwa wakubwa wake, akawa na amri juu yake. Mtu wa namna hiyo akifa, ukoo unakaa, bangili inakabidhiwa mrithi, na jini linapata bwana mpya. Hii haikukabidhiwa. Iliibwa. Sasa halina mwenyewe, na likikosa mwenyewe linachagua lenyewe pa kukaa."

"Limemchagua nani?" Halidi akauliza.

 Mzee Hafidhi alimtazama Zuleha.

"Lifukuze, baba," Zuleha akasema.

"Sina uwezo huo. Halimtii mtu ambaye si bwana wake. Ukiitupa mtoni itarudi, ukiiuza itarudi. Njia ni mbili tu. Uivae, ukubali kuwa kiti chake, ukae nalo kwa heshima. Au apatikane mrithi wa marehemu, aipokee kwa mkono wake, aliamrishe yeye."

"Basi atafutwe mrithi."

"Fikiri, mwanangu. Kumtafuta mrithi ni kupita polisi, na polisi watamfunga mumeo. Ivae. Majini ya aina hii yana adabu yakipewa nafasi."

"Siwezi kumrithi mtu ambaye hata kaburi lake silijui," Zuleha akasema.

Mzee Hafidhi aliondoka kabla ya magharibi, wala hakukubali kunywa chai.

Mikese ni padogo, na habari hukimbia. Giza halijakolea, Mwenyekiti Abdi alikuwa ameshafika uani, amevaa kanzu safi, akaketi kwenye gogo ambalo Halidi hukalia, bila kukaribishwa. Zuleha akamwamkia. Akaitikia, kisha akaanza kuzungumza kwa upole mwingi.

"Nasikia mna tatizo. Matatizo ya nyumbani humalizwa nyumbani, binti yangu."

"Tatizo hili halikuanzia nyumbani, mwenyekiti."

"Ukienda kituoni, unadhani watauliza habari ya bangili tu? Watauliza mabegi. Watauliza simu. Utakifungisha kitongoji kizima kwa sababu ya mtu ambaye ameshazikwa na hana habari."

"Mimi napeleka bangili moja. Vitu vingine mnajua wenyewe mlikoviweka."

Upole ukamtoka Abdi usoni. "Nani atakunywa chai yako baada ya hapo? Nani atamletea mumeo tairi? Mtakaa hapa kama watu wenye ukoma."

"Tutakaa," Zuleha akasema. "Nyumba ni yetu."

Abdi alipoondoka, Halidi alimwomba mkewe kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Alisema atafungwa. Alisema mama yake atakufa kwa aibu. Zuleha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nakupa mpaka kesho adhuhuri uende kwa miguu yako mwenyewe. Ukishindwa, nitakwenda mimi. Sikutishi, nakuarifu."

Kesho yake Halidi alikwenda kwenye matairi yake kama siku zote. Adhuhuri ikaadhiniwa. Zuleha alifunika chapati zake, akafuta mikono, akaingia ndani kuchukua bangili.

Mwanamke alikuwa ameketi mkekani, amempa mgongo. Alikuwa amejitanda khanga mbili na mbele yake kulikuwa na ungo, naye alikuwa anachambua mchele, punje moja moja, bila haraka, na mwanga wa jua uliopita kwenye tundu la bati ulimwangukia kichwani na kutua sakafuni moja kwa moja, bila kivuli, na bangili ambayo Zuleha alikuwa ameiacha kwenye kabati ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa ilikuwa juu ya mkeka, upande wa mlango, kama kitu alichowekewa mgeni.

"Umechoka, mwanangu," mwanamke akasema bila kugeuka. "Kaa."

"Nitasimama."

"Mimi ndiye Mwaisha, mwenye hiyo bangili. Nilikufa njiani, sikupata wa kumwachia. Nimezunguka nyumba za hapa nikaona moyo wako ndio safi. Ivae. Mumeo mkono wake utapona sasa hivi. Wateja watapanga mstari mpaka barabarani." Vidole viliendelea kuchambua. "Na kile ambacho kila mwaka kinakutoka na damu, kitakaa. Nitakishika mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Utajifungua."

 Hakuna mtu hapo Mikese aliyewahi kulitaja jambo lile mbele yake. Aliona mtoto. Hakujua kama aliwaza au alionyeshwa, lakini alimwona, amelala kwenye khanga yenye maua ya manjano, na alisikia harufu ya kichwa chake. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kushuka kuelekea mkekani, na yeye aliutazama ukishuka kama mkono wa mtu mwingine, na bangili ilikuwa inang'aa, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba hata malori hayakusikika tena, na katika ukimya ule likamjia jina ambalo Halidi alilisema asubuhi ile bila kuinua macho.

"Faraja ni nani?" akauliza.

Vidole vikasimama juu ya ungo.

"Faraja ndiyo nitakayokupa," mwanamke akasema. "Faraja ni huyo mtoto. Umempa jina zuri."

Zuleha aliurudisha mkono wake akaukunja kifuani. Hofu ilikuwa bado ipo, ilikuwa mpaka kwenye meno, lakini chini yake kulikuwa kumeinuka kitu kingine chenye joto.

"Faraja ni binti wa Mwaisha," akasema. "Alikuwa anampigia mama yake simu, mama yake akiwa maiti kwenye kiti. Mama gani hamjui mwanawe? Wewe si Mwaisha. Wewe ulikuwa unakaa kwake tu, na alipokufa ukaondoka na kitu chake. Huna tofauti na sisi. Nawe ni mwizi wa mali ya marehemu, na unatafuta mtu wa kukufichia."

Mwanamke aligeuka. Zuleha hakuwahi kumweleza mtu aliona nini. Alisema tu kwamba uso haukuwapo mahali pa uso, na kwamba ungo ulipopinduka kilichomwagika hakikuwa mchele. Aliikamata bangili kwa pindo la khanga, akatoka, na mlango aliuacha wazi.

Kutoka pale mpaka kituo cha polisi si mbali, mtu hutembea huku akiongea na simu akafika kabla ya maneno kwisha. Lakini mchana ule, kwenye jua kali, watu wakiwa wamesimama milangoni wakimtazama na Mwenyekiti Abdi akiwa amevuka barabara kuja kumzuia kisha akasita na kurudi nyuma kana kwamba ameona anayetembea naye, Zuleha alihisi bangili inazidi uzito kwa kila hatua, kwanza kama jiwe la kusagia, kisha kama ndoo ya maji, kisha kama mtoto mkubwa anayekataa kubebwa, na kando yake, upande wa kushoto, nyayo tupu zilikuwa zinapiga lami sambamba na zake, na sauti ilikuwa inamwambia sikioni, bila hasira, kwamba tumbo lake litakuwa kavu kama kibuyu, kwamba mumewe atafia gerezani, kwamba hakuna atakayemzika yeye, na yeye alikuwa anajibu kila neno kwa sauti ili watu wasikie, "Sawa. Na bado naipeleka. Sawa. Na bado naipeleka," mpaka akauona mlango wa kituo, akaingia, akaiweka bangili kaunta.

Nyuma ya kaunta alikuwapo Sajenti Rahel, mwanamke mnene mwenye miwani. Alisikiliza kila kitu. Habari ya jini hakuiandika, lakini hakucheka.

"Mumeo alimkuta hai au amekufa?"

"Amekufa. Yeye ndivyo anavyosema."

"Ndivyo ninavyosema," Halidi akasema kutoka mlangoni.

Alikuwa amekuja mbio. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa uchafu wa matairi, na jasho lilikuwa linamchuruzika. Alimsogelea mkewe, akasimama kati yake na kaunta. "Niandike mimi, afande. Huyu hakuiba kitu."

Sajenti Rahel alivua miwani. "Watu wanadhani mtu akifa barabarani, vitu vyake vinakuwa vya aliyewahi," akasema. "Sheria haisemi hivyo. Mali ya marehemu ina wenyewe hata kabla hajaoshwa. Ni ya warithi wake. Anayeichukua ni mwizi, na atashtakiwa kama aliyemwibia mtu aliye hai. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na bado unataka niandike?"

"Andika."

Bangili ilifungwa kwenye bahasha ya vielelezo, ikawekwa stoo. Siku chache baadaye askari wa zamu waliomba kaunta isogezwe mbali na mlango wa stoo ile. Sajenti Rahel aliisogeza mwenyewe, bila kuuliza sababu.

Faraja alitafutwa kupitia jalada la ajali, akashuka kutoka Kinole, milimani, kuja kuitambua. Alikuwa rika la Zuleha, mkulima wa pilipili manga na karafuu, mwenye viganja vigumu. Aliitazama bangili mara moja akasema ndiyo. Kisha akaomba kumwona mwanamume aliyeichukua.

"Simu ilikuwa inaita?" akamuuliza Halidi.

"Ndiyo."

"Nilipiga mpaka ikazimwa. Nilidhani mama amenikasirikia."

Halidi aliinua macho, akamtazama. "Sijakusamehe," Faraja akasema. "Siwezi kusema uongo. Nimekuja kukuona tu uso."

Mahakamani, mjini Morogoro, Halidi alikiri kosa bila kuzungukazunguka. Hakimu alizingatia kwamba alijisalimisha, akampunguzia adhabu, lakini jela alikwenda. Alipokuwa anapandishwa karandinga alimpungia Zuleha kwa mkono wa kulia, akavikunja na kuvikunjua vidole ili aone. Ulikuwa umeanza kupata joto. Zuleha alimpungia mpaka gari likapotea, na hakulia mpaka lilipopotea.

Amri ya mahakama ilikuwa kwamba kielelezo akabidhiwe mrithi. Sajenti Rahel alimkabidhi Faraja kwenye uwanja wa mahakama, mkononi, mbele ya watu. Palepale harufu ya udi ikaja, watu waliokuwa karibu wakageuka kutafuta inakotoka.

Faraja alimwendea Zuleha. "Wazee wa ukoo wananisubiri nyumbani na ngoma," akasema. "Wanataka niivae leo."

"Wewe unatakaje?"

"Mama aliishi na kitu hiki zaidi ya alivyoishi na baba. Nilipokuwa mdogo, kabla ya kunibeba alikuwa anaomba ruhusa kwake. Kuna siku kilikuwa kinamnyima." Aliifunika bangili kwa kiganja. "Sasa ni yangu kisheria?"

"Umesikia mwenyewe."

"Na mtu akiwa na kitu chake, anaweza kukifanya anavyotaka. Nisindikize."

Walikwenda kwa sonara mmoja karibu na soko kuu, mzee mkimya aliyekuwa na duka dogo lililobanwa kati ya maduka ya vitambaa. Faraja alimwambia ayeyushe. Sonara aliigeuza geuza bangili, akasema ni kazi ya zamani sana, watu wa sasa hawawezi kuitengeneza, ni hasara. Faraja akarudia, ayeyushe. Mzee akaiweka kwenye chungu chake cha udongo, akawasha moto wa gesi.

Fedha ilipoanza kuwa nyekundu, bangili ikaita.

"Faraja," ikasema, kwa sauti ya mama mtu mzima, ya taratibu, yenye lafudhi ya milimani. "Faraja mwanangu, ni mimi mama yako. Naungua."

Sonara aliachia kifaa chake, kikaning'inia kwenye mpira wake, moto ukilamba hewa. Nje watu waliendelea kuuziana vitenge. Uso wa Faraja ulikuwa umepauka, na sauti ilikuwa inazidi kubembeleza, ikilia sasa, ikimuuliza kwa nini anamchoma mama aliyemzaa, ikisema Faraja, Faraja, nilikungoja unishike mkono pale kwenye basi na hukuja, mpaka Zuleha akaona mkono wa Faraja unakwenda kwenye chungu chenye moto.

Akamshika kifundo cha mkono. "Jina hilo nililitaja mimi mbele yake," akamwambia. "Jini halikulijua. Lilidhani faraja ni maneno tu. Nisikilize mimi."

Faraja alipumua. Alivuta pumzi nyingine. Polepole uso wake ukabadilika.

"Mama alinipa jina la mama yake," akasema, akiongea na chungu. "Kwa heshima hakuweza kulitamka. Maisha yake yote aliniita Mama. Hata kwenye simu yake, jina lile niliandika mimi." Akamgeukia sonara. "Mzee wangu, mimi ndiye mwenye hii bangili. Sikirithi kilichomo ndani yake. Nakiamuru kiondoke na kisirudi kwangu wala kwa mtu mwingine. Ongeza moto."

Sonara alimtazama, akatazama chungu, akaokota kifaa chake. Akaongeza moto.

Kilichotoka hakikuwa sauti ya mwanamke tena, wala ya mwanamume. Vioo vya kabati la sonara vilipasuka vyote kwa pamoja, na mbwa wa sokoni wakaanza kubweka. Kisha fedha ikalala chini ya chungu, ikatulia, nyeupe kama maziwa. Harufu iliyobaki dukani ilikuwa ya gesi na ya vumbi.

Faraja alikaa kwenye ngazi ya duka akalia kilio cha msiba, kile ambacho hakukilia makaburini. Zuleha alikaa naye mpaka alipomaliza.

Jioni hiyo Zuleha alirudi Mikese peke yake. Kesho yake aliwasha meko kama kawaida, akapika chai na chapati, akapanga vikombe. Watu wa Mikese hawakuja. Walipita wakitazama upande wa pili. Madereva wa malori, ambao hawakujua lolote, walikunywa na kuondoka, na hao walitosha kwa kuanzia. Mwenyekiti Abdi alipita na wenzake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wapo wanawake wanaofungisha waume zao. Zuleha alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamuuliza kama viungo vile bado vinanukia. Abdi aliharakisha mwendo. Wenzake wawili walitazama chini.

Ilikuwa hivyo kwa siku nyingi. Kisha siku moja, karibu na adhuhuri, Theresia alikuja bandani kwake. Hakuketi. Alikuwa amelifunika begi kwa khanga, begi la safari lenye magurudumu, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Nina nguo za watoto humu," akasema kwa sauti ya chini. "Mpya, na karatasi zake za dukani. Kuna mtu alikuwa anawapelekea wanawe. Siwezi kukaa nalo tena. Nisindikize kituoni, Zuleha. Peke yangu siwezi."

Zuleha alifunika chapati, akapunguza moto, akajifunga khanga kiunoni.

"Tupite njia ya nyuma, kule kwenye mikorosho," Theresia akasema. "Tukipita barabarani tutapita mlangoni kwa mwenyekiti. Wote wako pale wanacheza bao."

Zuleha alilichukua begi, akaivuta ile khanga iliyolifunika, akaikunja na kumrudishia mwenyewe.

"Tunapita barabarani," akasema, na akaanza kulikokota begi juu ya lami, magurudumu yakipiga kelele.